B-complex ya buku imetosha kabisa, ile ya elfu 45 sirudii

Habari zenu wadau. Haya maoni nimeyachelewesha makusudi, nlitaka nione mwisho wake kwanza ndo niandike, maana mtu akisifia dawa siku ya pili anakua hajajua kitu bado. Nazungumzia vidonge vya B-complex, vile vidogo vya kawaida vinavyouzwa kila famasi mtaani, na pia nitasema kuhusu vile vya bei mbaya nlivyonunua mtandaoni kabla, maana vyote viwili vimepita kwenye mdomo wa mtu mmoja, mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Amerudi likizo mwezi wa sita, nimeenda kumpokea stendi kashuka kwenye basi kajifunika mtandio mpaka puani, nikajua vumbi. Tumefika nyumbani kautoa ndo naona pembe zote mbili za mdomo zimechanika, zimekua na ukoko mweupe, akifungua mdomo kupiga mswaki panatoa damu. Midomo yenyewe myekundu inabanduka, na ulimi dah, ulimi ulikua laini umeng'aa rangi ya zambarau nyekundu kama juisi ya rozela, yale madoadoa ya kawaida ya ulimi hayaonekani. Pembeni ya pua ngozi ina mafuta halafu inabanduka magamba. Na alikua anakwepa jua, anasema macho yanawasha yanatoa machozi.

Kilichoniuma zaidi sio vidonda. Kilichoniuma ni kwamba kule bwenini wenzake walishaanza kunong'ona, mnajua wenyewe watu wakiona mtu kachanika mdomo wanawaza nini. Mtoto wa miaka 16 kaacha kucheka, kaacha kula na wenzake, anapaka dawa ya mswaki kwenye vidonda usiku kwa sababu kuna mtu kamwambia inakausha. Analia inavyochoma lakini anapaka. Hata hapa nyumbani jirani mmoja alipomuona alimuuliza mama kwa sauti ya chini "mmeshampima?" Yani naandika hapa mkono unatetemeka bado.

Sasa mimi kwa haraka yangu nikaingia mtandaoni, nikamkuta muuzaji mmoja wa virutubisho, simtaji, anasema ana kopo la "vitamini B zote" linamaliza matatizo ya midomo, linasafisha sumu mwilini, linang'arisha ngozi, linaongeza hamu ya kula na kila kitu. Elfu 45 kwa vidonge 30, na bodaboda juu yako. Nikatuma hela. Kopo zuri kweli, jeusi, maandishi ya dhahabu. Kwenye lebo B2, ndo hiyo riboflavin, miligramu 100 kwa kidonge kimoja. Nikaona hapa ndo penyewe, miligramu 100! Kameza asubuhi, mchana anatoka chooni kaogopa, mkojo wa njano ule wa kuwaka, kama reflekta za bodaboda. Mama akataka kumpeleka hospitali akidhani ni homa ya manjano. Nikampigia muuzaji, akanijibu "hiyo ni sumu inatoka dada, ikiwezekana aongeze dozi awe anameza viwili".

Hapo ndo nikashtuka. Kesho yake nikambeba mpaka kituo cha afya, kitu ambacho nlitakiwa kukifanya siku ya kwanza.

Daktari aliyetupokea alikua mtu mzima, mtulivu, dogo akamwamkia akaitikia marahaba mjukuu wangu, akamwambia atoe mtandio bila wasiwasi. Akaangalia pembe za mdomo kama kuna utando wa fangasi, akaangalia ulimi, akavuta kope ya chini kuona weupe, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja: mnakula nini huko shule? Dogo akataja. Asubuhi uji wa sembe na sukari, siku nyingine chai ya rangi na andazi. Mchana ugali maharage. Jioni wali maharage au ugali maharage. Nyama jumapili, vipande viwili. Maziwa? Hakuna. Mayai? Hakuna. Mboga za majani? Kabichi mara moja moja. Akauliza tena, maharage wanaweka magadi? Dogo akasema ndio, wanaweka yaive haraka kuni zisiishe.

Basi mzee wa watu akatuelezea taratibu. Kwamba hii inaonekana ni upungufu wa vitamini B, hasa B2, na mara nyingi haiji peke yake inakuja na ndugu zake. B2 mwili unaitumia katika kila chembe kugeuza chakula kuwa nguvu, na mwili hauna ghala kubwa la kuiweka, usipoila wiki baada ya wiki inaisha. Sehemu ambazo ngozi yake inajijenga upya harakaharaka ndo zinalia kwanza, yani pembe za mdomo, midomo, ulimi, pembeni ya pua, macho. Halafu B2 ndo inaisaidia B6 kufanya kazi, na inausaidia mwili kutumia madini ya chuma, kwa hiyo ikipungua hata damu inaweza kushuka. Tukapima damu, ikaja 10.2. Akaandika B-complex kidonge kimoja kwa siku na vidonge vya kuongeza damu, na akasema turudi baada ya wiki mbili, kidonda kisipofunga ataangalia mambo mengine maana pembe za mdomo zinachanika kwa sababu nyingi, fangasi, upungufu wa chuma, hata mate tu kwa mtu anayelamba midomo. Na kipimo kile jirani alichokiulizia alitupa ushauri tukapima pia, kwa hiari ya mwenyewe, bila kumtisha. Majibu ni ya mdogo wangu siyaandiki hapa, ila nawaambia pembe za mdomo sio kipimo cha kitu chochote jamani, acheni kuwaangalia watu hivyo.

Nikamuonyesha lile kopo jeusi. Akasoma lebo, akaniuliza bei, nilipomtajia akanyamaza kidogo. Akasema msichana wa umri huu anahitaji miligramu 1.0 tu ya B2 kwa siku. Mwanamke mtu mzima 1.1, mwanaume 1.3, mjamzito 1.4, anayenyonyesha 1.6. Ukimeza nyingi kwa mkupuo utumbo unaweza kunyonya kama miligramu 27 hivi, iliyobaki haina pa kwenda, na hata ile iliyoingia mwili ukishatosheka unaitoa kwa mkojo. Ile njano sio sumu wala nini, ni riboflavin yenyewe, rangi yake ndo hiyo, hata kwenye vyakula vya viwandani inatumika kama rangi inaandikwa E101. Haijamdhuru mtoto, ila ni hela yangu ndo ilikua inamwagwa chooni.

Haya tuje kwenye bidhaa yenyewe sasa.

Famasi ya mtaani kwetu, mama mmoja anauza. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikamwambia naomba B-complex, akataka kunihesabia za kwenye chupa, ile chupa ya plastiki inayoona ndani, na imekaa dirishani jua la saa kumi linaipiga. Nikamuomba za pakti zilizo ndani ya boksi maana daktari alishaniambia B2 adui yake ni mwanga, na boksi lenyewe limeandikwa tunza mbali na mwanga. Hakukasirika, akaitoa ile chupa dirishani akaiweka chini ya kaunta mbele yangu, nikampenda hapo hapo. Pakti ya vidonge kumi ni jero, nikachukua mbili, buku.

Kidonge ni kidogo, cha njano ya chungwa, kimepakwa sukari kwa nje kwa hiyo kinateleza hakichomi kooni. Harufu ndo mtihani, ukifungua pakti kuna harufu fulani kama hamira iliyokaa, dogo alikua anabana pua siku za mwanzo. Kwenye boksi wameandika B1 miligramu 5, B2 miligramu 2, B6 miligramu 2, nikotinamide (ndo B3 hiyo) 20. Angalieni hapo kwenye B2, miligramu 2. Mahitaji yake ni 1.0. Kidonge cha shilingi 50 kinampa mara mbili ya anachohitaji kwa siku nzima. Ndo maana nasema ile miligramu 100 ilikua ya nini?

Amemeza kila siku baada ya chakula cha asubuhi. Mkojo ukawa wa njano kidogo tu, sio ule wa kutisha. Siku ya nne akasema ulimi hauchomi tena akila nyanya. Siku ya sita ukoko wa upande wa kushoto ukadondoka na chini yake ngozi mpya, upande wa kulia ulichelewa kwa sababu alikua anaubandua na kucha, nimemgombeza sana. Kufika siku ya kumi na moja pembe zote zimefunga, amepiga miayo mbele yangu mdomo wazi kabisa hajashika shavu. Kwenye pua magamba yameisha wiki ya pili. Macho ndo yalichelewa kidogo ila sasa anatoka nje mchana bila kukunja uso. Tuliporudi kupima damu ilikua imefika 11.1, hapo nakubali kwamba vidonge vya chuma vimefanya kazi yao, siwezi kuwapa B-complex sifa yote, na chakula nacho kilibadilika siku hiyohiyo.

Na hapo kwenye chakula nataka nikae kidogo.

Nimepiga hesabu. Lile kopo la elfu 45 ni shilingi 1,500 kwa kidonge. Hapa kwetu 1,500 ni nusu lita ya maziwa. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina B2 karibu miligramu 0.45, kwa hiyo nusu lita ni karibu 0.9, ukiongeza yai moja lenye kama 0.2 mtoto kashamaliza mahitaji yake ya siku, na juu yake kapata protini, kapata kalsiamu, kapata na tumbo kushiba. Yani hela karibu ileile. Nimekaa kitandani usiku nikaikumbuka ile bei nikaumia kweli, maana mama yetu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuuza vitumbua ili hela zipatikane.

Maini ndo kiboko ya yote, kipande cha gramu 85 tu cha maini ya ng'ombe kina karibu miligramu 2.9, sisi tumekula mara moja kwa wiki, nusu kilo nyumba nzima na vitunguu vingi. Ila wajawazito msiyale mfululizo, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto wa tumboni. Dagaa, majani ya maboga, mchicha, uyoga vyote vinasaidia. Mahindi yenyewe hayana nyingi tangu shambani, halafu tukishayakoboa yawe sembe nyeupe tunatoa hata hicho kidogo, sasa mtoto akila sembe asubuhi sembe mchana unategemea nini?

Kuna mambo matatu mama yangu amebadilisha jikoni na hayajamgharimu hata mia. La kwanza magadi, kaacha kabisa kwenye maharage na kisamvu, analoweka maharage usiku kucha badala yake. B2 inavumilia moto vizuri tu, ukichemsha maziwa hayapotezi kitu cha maana, lakini magadi yanaiua. La pili mwanga. Tulikua tunanunua maziwa kwa kijana mmoja anayeyapanga kwenye chupa za maji zilizotumika, nyeupe zinazoona, juu ya meza juani kuanzia asubuhi. Masaa mawili ya jua kali yanaweza kuondoa nusu ya B2 na zaidi kwenye maziwa ya hivyo, na huwezi kujua kwa macho. Sasa tunaenda na ndoo yetu yenye mfuniko kwa mama mmoja mwenye jokofu. Hata mboga za kukausha ni hivyohivyo, bibi yetu wa Singida anaanika mlenda juani siku nzima, nimeshamwambia auanike kivulini penye upepo, na mimea ile haina shida, inakauka tu.

La tatu ni mtindi. Mtindi ukitulia unatoa maji juu yenye rangi ya kijani njano, si ndio? Sisi miaka yote tunayamwaga. Ile rangi ndo riboflavin, na wataalamu wa kwanza walioigundua karne ya 19 waliikuta humohumo kwenye maji ya maziwa, kabla hata haijapewa jina la vitamini. Sasa tunayakoroga yanarudi ndani. Nilivyomwambia mama alishika kichwa, akasema miaka thelathini nawamwagia wanangu vitamini.

Narudi kwenye vidonge, kasoro zake. Pakti haina karatasi ya maelezo, unapewa tu na mkasi umeikata katikati, tarehe ya kuisha imebaki kwenye kipande cha mwenzako, hapo lazima ukumbuke kumuomba muuzaji akuonyeshe boksi. Maandishi madogo mno, mama hawezi kusoma hata na miwani. Na boksi haziko sawa zote, kuna B-complex ile ya nguvu ndogo ambayo B2 ni miligramu 1 tu na B6 haina kabisa, zinauzwa bei moja na zinafanana rangi, kwa hiyo soma kabla hujalipa. Ya miligramu 1 nayo kwa msichana kama huyu inafikia mahitaji ya siku, lakini mwenye vidonda tayari au anayenyonyesha mimi ningemchukulia ile ya 2. Harufu nimeshaisema.

Kuna mtu ataniuliza mbona kuna watu wanaandikiwa riboflavin nyingi. Ni kweli, wenye kipandauso kinachorudirudi kuna madaktari wanawapa mpaka miligramu 400 kwa siku, kuna utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 1998 ulionyesha inapunguza mashambulizi. Hiyo ni habari nyingine, inaandikwa na daktari kwa ugonjwa huo, sio ya kununua kwa mtu mtandaoni kwa ajili ya kung'arisha ngozi.

Na msichukue vidonge hivi kama ruhusa ya kutokwenda kupima. Kidonda kikikaa wiki mbili hakijafunga, au kipo upande mmoja tu kimekua kigumu, au kuna utando mweupe mdomoni, au mtu anakonda, nenda kituo cha afya. Wazee wenye meno ya bandia yasiyokaa vizuri nao wanachanika pembe kwa sababu ya meno yenyewe, hapo utameza B-complex mpaka uchoke. Wanaokunywa pombe sana mara nyingi vitamini nyingi zimepungua kwa pamoja, wanahitaji mtu wa kuwaangalia vizuri. Mimi nlibahatisha kumpata daktari anayeuliza "mnakula nini", na kwangu lile swali lilikua na thamani kuliko kila kitu nlichonunua mwezi ule.

Alama zangu. B-complex ya pakti, nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa sababu ya karatasi ya maelezo na yale maandishi. Kopo jeusi la elfu 45, moja kwa tano, na hiyo moja ni kwa sababu vidonge vilivyomo ni kweli vina vitamini, sio kwa maneno ya muuzaji. Nilimuomba anirudishie hela ya vidonge 29 vilivyobaki, amesoma ujumbe hajajibu mpaka leo. Famasi ya yule mama nampa tano kwa tano, nimepita tena juzi ile chupa bado iko chini ya kaunta.

Dogo amerudi shule jumapili. Nimemsindikiza mpaka getini, kwenye begi kabeba pakti mbili za B-complex na kopo la maziwa ya unga, mtandio kauvaa kichwani kawaida, usoni hakuna kitu. Nimeongea na matroni kuhusu magadi kwenye maharage, na nikamuuliza kama wazazi tukichanga watoto wanaweza kupata yai hata mara mbili kwa wiki, akanisikiliza vizuri, amesema analipeleka kwenye kikao cha mwisho wa mwezi. Nimeshawapigia wazazi sita wa darasa lake, wanne wamekubali.